Tochi Tatu, Ghala la Mchele na Mkwe Mmoja

Nyumba nyingi za Kasumulu hugombana kwa sababu ya mpaka: nani kavusha mzigo wa nani, nani hajarudisha kwacha za nani. Yetu iligombana kwa sababu ya tochi. Si tochi ya kwendea chooni, wala ile ya kichwani wanayovaa vijana wa kupakua malori usiku. Ni tochi ya kuzamia ziwani, ya bei ya mbuzi na mtoto wake, na aliyeitaka ni baba watoto, mtu mzima, wakala wa forodha mwenye kitambi cha heshima.

Chanzo ni shemeji. Mdogo wake baba watoto anafanya kazi hotelini Zanzibar, na huko alijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Alipokuja likizo akambeba kaka yake, wakavuka daraja la Songwe, wakapita Karonga na Mzuzu hadi Nkhata Bay, mji wa ziwani ambako wageni wa mabegi ya mgongoni wamekuwa wakifundishwa kuzamia kwa miaka mingi. Walirudi na kadi yenye picha ya baba watoto akicheka meno yote. Tangu hapo mezani hapakuwa na habari nyingine. Ukimuuliza kama ugali umeiva anakujibu habari ya samaki.

Na samaki mwenyewe ana kisa, nakiri. Usiku huko Nkhata Bay hutoka samaki mrefu mweusi mwenye pua ndefu, wazamiaji humwita pomboo kwa jinsi anavyofanana naye, wataalamu humwita Mormyrops. Huwinda kwa makundi, na haoni shida gizani kwa sababu mwili wake hutoa umeme mdogo anaotumia kupapasa maji yaliyomzunguka. Taa haihitaji hata kidogo. Lakini akikukuta na tochi hukaa ubavuni kwako kama rafiki, wewe unamulika kisamaki cha rangi kilicholala penye jiwe ili ukiangalie, yeye anapita mbele yako na kukimeza. Baba watoto alilisimulia hili kila jioni, akionyesha kwa kijiko.

Sasa walitaka kuzamia usiku huku kwetu, Matema, kwenye mawe ya kuelekea Ikombe, pale Milima ya Livingstone inaposhuka wima hadi majini na Wakisi wanapopakia vyungu vyao mitumbwini. Kwa hilo ilihitajika taa. Kuanzia hapo mambo yakaharibika.

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Najua mtu anayetaka kununua namba badala ya kitu, na baba watoto alikuwa ananunua namba. Aliona kwenye simu tochi ya kuzamia yenye lumeni 50,000, bei nafuu kuliko zote zilizokuwa pale. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka, popote unapokwenda. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha sita, alimwambia baba yake kwa adabu kwamba kitu cha kushikwa mkononi, chenye betri moja ya ukubwa wa kidole gumba, hakiwezi kutoa mwanga huo hata ukiisomea dua. Akajibiwa kwamba teknolojia imekua.

Ilipofika, betri iliandikwa 9,900. Betri zile ni za lithiamu, huitwa 18650 kwa sababu zina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, na hata iliyotengenezwa na kiwanda cha heshima hubeba miliampea-saa 3,500 hivi, kidogo juu au chini. Kijana akasema njia rahisi ya kuitambua ni uzito: ya kweli ina gramu 45 na kuendelea. Nikatoa magunia kwenye mzani wangu wa dukani, nikaiweka. Haikufika 30. Baba watoto akadai mzani wangu umechezewa, kauli ambayo mtu hamwambii mkewe mbele ya wateja. Nikamjibu kwamba ile betri ni sawa na mchele wa Mbarali uliotiwa kwenye gunia lenye chapa ya Kyela: jina la mwenyewe, harufu ya mwingine. Wateja wakacheka. Yeye akaondoka na tochi yake kwenda kuijaribu.

Aliizamisha kwenye beseni la kufulia. Ilikuwa na kitufe cha mpira cha kubonyeza, na ulipokibonyeza majini kilitoa vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu kabisa. Mahali panapotoka hewa ndipo maji yanapoingia. Shemeji, kwa simu, akaeleza ambacho angekieleza kabla hela haijatumwa: tochi nzuri za kuzamia hazitobolewi tundu la swichi. Huwashwa kwa kuzungusha kichwa chake, au kwa sumaku inayoteleza kwa nje na kuwasha mambo ya ndani bila tundu lolote. Na yale maandishi ya IPX8, ya kuzuia maji, aliyojivunia baba watoto hayakuwa na maana peke yake. Namba 7 ni mita moja kwa nusu saa. Namba 8 ni zaidi ya hapo, kiasi gani aseme mtengenezaji, na mtengenezaji wa ile hakusema. Tochi nzuri huandikwa mita zake. Kila mita kumi unazoshuka hukuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita ishirini tochi inakamuliwa mara tatu ya ilivyokuwa mezani. Ile yetu ilishindwa na beseni.

Tochi ya pili ililetwa na shemeji mwenyewe, aliyeshuka na ndege Songwe akiwa amebeba betri zake mkononi, maana betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Hii ilikuwa ya kweli. Nzito, ya alumini, yenye macho mengi kama nyuki, ya kupigia picha za video. Mwanga wake ulikuwa mpana hivi kwamba ukiiwasha sebuleni hakuna kona inayobaki na siri. Nilimwona mjusi ambaye sikujua tunaishi naye.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba taa kubwa za kuzamia hupozwa na maji. Zimetengenezwa zikae ndani ya maji zikiwaka. Ukiiwasha nchi kavu na kuiacha, joto halina pa kwenda. Baba watoto aliiwasha ili amwonyeshe jirani, umeme ukakatika, jirani akaitwa nje, na tochi ikabaki imelala kifudifudi kwenye kochi, juu ya kitambaa nilichokishona kwa mkono wakati nina mimba ya kitinda mimba. Harufu ndiyo iliyoniita. Palikuwa na duara la kahawia, pana kama kiganja, katikati limetoboka, na kingo za uzi zilikuwa zimejikunja na kuwa ngumu kama ukoko. Niliinua kile kitambaa nikamwangalia baba watoto kupitia lile tundu. Hakusema neno. Shemeji ndiye aliyejaribu: "Shem, hiyo ina maana inafanya kazi."

Nikasema basi ikae majini. Wakaifunga kamba, wakaitumbukiza kwenye simtanki usiku kucha, ikiwaka, kuhakikisha haivuji. Kamba ikafunguka, fundo alilifunga mtu wa forodha. Ikazama hadi chini huku imetazama juu, na kwa kuwa mfuniko uliachwa wazi, nguzo ya mwanga ikapanda kutoka kwenye tangi kwenda mbinguni katikati ya Kasumulu. Ilikuwa ndiyo mvua za kwanza zimenyesha mchana. Mnajua kinachofuata mvua za kwanza. Kumbikumbi wote wa kata walikuja. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Ipinda, alitoka na ungo, akamwita kila mtoto na kila ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu mradi huu uanze nyumba ilipata faida. Tulikaanga hadi usiku wa manane. "Ndaga fijo," alimwambia shemeji, akimshukuru kana kwamba amejenga kisima. Asubuhi yake majirani wawili walikuja kuuliza kwa upole kama tunaabudu kitu.

Kuitoa kulimaanisha kumwaga maji yote ya tangi, ambayo nilikuwa nimeyanunua. Hilo napita haraka.

Lakini niseme kweli: ile taa pana ina kazi yake. Maji hula rangi. Wekundu hufa kwanza, ukishashuka mita chache tu, kisha rangi ya machungwa, kisha njano, mpaka kila kitu kinabaki kibuluu na kijivu. Ndiyo maana hata mchana mzamiaji anayetaka kuona rangi hushika taa. Samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, wale ng'ambo wanaoitwa mbuna, ni wa buluu, wa njano, wa michirizi, mamia ya aina ambazo nyingi hazipatikani popote pengine duniani, na watu wa Ulaya huwafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni. Bila taa ya karibu, mita kumi na tano chini, wote ni wa kijivu. Kwa picha, taa pana. Tatizo ni kwamba Matema kuna milima na mito. Lufilyo, Mbaka, Kiwira, na huku kwetu Songwe, yote huteremsha tope ziwani, na Kyela ni mahali mvua haina adabu. Kwenye maji yenye vumbi la udongo taa pana humulika kila chembe iliyo mbele yako na kuurudisha mwanga wote machoni. Unaona ukuta mweupe. Hapo unahitaji taa nyembamba, yenye boriti kali inayopenya, na lumeni elfu moja zilizokusanywa mahali pamoja zinakufaa kuliko elfu kumi zilizotawanywa. Ukinunua uliza upana wa boriti kwa nyuzi kabla hujauliza lumeni. Nyuzi kumi au pungufu ndiyo ya maji ya tope.

Haya yote baba watoto aliyakubali baada ya kijana kumchorea kwenye karatasi ya fomu ya forodha. Tochi ya tatu, nyembamba, ikaagizwa kwa mtu anayetoka Lilongwe kwa basi. Wakapatana kukutana darajani saa kumi na moja jioni. Baba watoto amefanya kazi mpakani muda wote wa ndoa yetu, na bado akasahau kwamba Malawi iko nyuma yetu kwa saa nzima. Alisimama pale jua likimchoma kisogoni, akimlaani mtu ambaye hakuwa amechelewa. Kisha ofisa wa forodha, anayemfahamu vizuri sana, akataka ushuru. Alimuuliza namba ya bidhaa. Baba watoto, ambaye amejaza namba za watu wengine maisha yake yote, akaitaja kutoka kichwani: 8513, taa za mkononi zenye chanzo chake cha umeme. Akalipa. Alirudi nyumbani akiwa na risiti na uso wa mtu aliyeng'atwa na mbwa wake.

Usiku ule ndio uliotuletea balaa.

Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Monica Wilson, msomi aliyeishi huku miaka ya 1930, aliuandika mwiko huu kwa kirefu, na siku hizi vijana wengi wameuacha. Mzee wetu hajauacha, nami sikuolewa ili nimfundishe. Alipokuwa amekuja kumfuata mama mkwe, mimi nilipita mlango wa nyuma, yeye wa mbele, chakula chake kilipelekwa na watoto, na kila akikohoa mimi najua pa kwenda. Mpango huu hufanya kazi vizuri kuliko ratiba za mabasi.

Umeme ulikuwa umekatika. Mimi nilikuwa natoka jikoni na beseni, nimejifunga khanga kiunoni, kilemba sina. Mzee alikuwa anatoka chooni. Uani giza totoro, tungepishana kwa hatua nne bila kujuana, kama tulivyopishana mara nyingi. Ndipo baba watoto, akiwa amesimama kizingitini, akasema, "Sasa tuone inapenya vipi," akaiwasha. Ule mwanga ulikuwa mwembamba kama ulivyoahidiwa. Ulinipita sikioni ukaenda kumsimamia mzee katikati ya kifua, fimbo mkononi, mdomo wazi. Kisha, badala ya kuizima, akaigeuza polepole hadi kwangu kutazama nani mwingine yuko pale, akairudisha kwa mzee. Nilidondosha beseni. Mzee akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Tukasimama hivyo, kila mmoja na ukuta wake, hadi mama mkwe alipotoka na kumnyang'anya mwanawe tochi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mengi yake yalikuwa ya Kinyakyusa na yote yalikuwa ya haki.

Mzee akaondoka alfajiri, bila mama mkwe.

Safari ya Matema haikuahirishwa. Nilikwenda nao kwa sababu mtu anayelala na mzamiaji hupenda kujua mwili utafuatwa wapi. Kuna mambo waliyapanga vizuri, niwasifu: walikaa mbali na mdomo wa Lufilyo, ambako kuna mamba; shemeji alifanya hesabu za kuzamia za mwinuko, maana ziwa hili liko mita mia nne na zaidi juu ya usawa wa bahari na majedwali ya Zanzibar hayatoshi; na walikubaliana kumeza dawa ya kichocho wakati wake ukifika. Kila mmoja alibeba tochi kubwa na ndogo ya akiba kifuani, kwa sababu gizani chini ya maji taa moja si taa. Baba watoto alikuwa na ile nyembamba. Shemeji akashika ile ya macho ya nyuki.

Ambalo hawakulipanga ni mwezi. Walichagua usiku wa giza, waone vizuri, kwa maelezo yao. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa na taa za wavuvi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri, lakini kazi ni ile ile: dagaa huufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawazunguka. Mtumbwi mmoja ulikuwa umetega taa yake karibu na mawe. Wakazama. Nikaona maji yanageuka kijani kibichi, kwanza kidogo, kisha ghuba nzima, na mama mkwe aliyekaa nami mchangani akasema, "Hapo sasa kumbikumbi." Dagaa wa yule bwana, waliokuwa wamekusanyika chini ya taa yake kwa subira ya usiku mzima, wakaona kuna sherehe kubwa zaidi kwingine, wakahama. Sijawahi kusikia Kinyakyusa kikali kama kile kikipita juu ya maji.

Kisha ghuba ikazimika ghafla.

Alichonieleza shemeji baadaye ni kwamba kioo kilijaa ukungu, kisha maji yakaonekana yanacheza nyuma yake, kisha basi. Tochi ile ilivuka usiku mzima kwenye simtanki bila tone, ikafia kwenye mita nane. Tulipoifungua chini ya taa ya gari tukaikuta sababu. Oringi ya tochi, ule mpira mweusi mwembamba unaoziba kichwa na mwili, inatakiwa kuwa safi na kupakwa mafuta ya silikoni kidogo; unywele mmoja ukilala juu yake ni mfereji. Juu ya hii hapakuwa na unywele. Palikuwa na kapi la mpunga. Moja, la manjano, limejilaza kukatiza mpira, na mfereji wake umechorwa kwenye mafuta kama kwa kalamu. Walibadilisha betri kwenye ghala langu, juu ya gunia langu, kwa sababu hapo palikuwa na meza.

Walirudi juu kwa taa nyembamba na zile ndogo za akiba, ambazo bei yake hakuna aliyeigombea na zote ziliwaka mwanzo hadi mwisho. Yule mvuvi alikuwa anawasubiri nchi kavu pamoja na wenzake. Ilizungumzwa. Mama mkwe aliongoza mazungumzo, akagundua kwamba mjomba wa yule bwana ameoa kwao, na fidia ikashuka kutoka mapipa hadi ndoo mbili za dagaa, ambazo ilibidi tuzinunue kwake yeye mwenyewe, dagaa wasiokuwepo, na kumwachia. Pomboo wa pua ndefu hawakumwona.

Nyumbani shemeji alitaka kuifukia ile tochi iliyolowa kwenye mchele, kama watu wanavyofanya na simu. Nikamwambia kilo ya mchele wa supa ni bei gani siku ile na tochi yake inahitaji kilo ngapi, na kwamba mchele utakaolala na maji ya ziwa na betri ya lithiamu mteja wangu hauli. Aliianika juani.

Wiki hiyo hiyo kitinda mimba akarudi kutoka Ipinda na ujumbe wa mzee, aliousema kwa sauti ya babu yake, mikono nyuma: wezi wanaingia kwenye kakao usiku, na kwa kuwa ile tochi imeshamwona yeye, sasa ikawaone wao. Ombi lilielekezwa kwangu, si kwa mwanawe. Baba watoto alisema ile ni ya kuzamia, ina mita mia moja, haiwezi kupotelea shambani. Nikamwambia kakao haina mita. Nimeifunga kwenye kitenge kipya pamoja na kilo tano za supa na chaja yake, na Jumamosi ameipeleka mwenyewe Ipinda, amenuna kutoka hapa hadi kule, kwa taarifa ya kitinda mimba aliyekaa naye mbele.